Kabla Hujamlipa Kocha

Mtu wa mwisho kuulizwa kama unahitaji kocha ni kocha mwenyewe. Swali hilo lianze kwako, kalamu na karatasi zikiwa mbele yako, kabla hujajaza fomu ya mtu wala kutuma hela ya "kushikilia nafasi": hivi shida yangu hasa ni nini?

Nalisema mapema kwa sababu makocha sasa wamejaa tele. Yupo kocha wa maisha, wa biashara, wa ndoa, wa uongozi, wa kupunguza unene, wa forex. Shirikisho kubwa la kimataifa la fani hii, ICF, lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilikuwa na makocha wapatao 109,200, na sidhani kama hesabu hiyo iliwafikia wale ambao ukocha wao ni ukurasa wa Instagram na namba ya M-Pesa. Wakili ana leseni yake, mhasibu ana bodi yake, hata dereva wa bodaboda anatakiwa awe na leseni mfukoni. Kocha wa maisha, awe Tanzania, Kenya au Marekani kwenyewe ambako kazi hii ilianza kuvuma, hana sheria inayomzuia kuamka asubuhi na kujitangaza.

Kukosa leseni hakuifanyi kazi yenyewe kuwa ya kitapeli. Ina asili yake. Mwaka 1974 mwalimu wa tenisi wa Marekani, Timothy Gallwey, aliandika kitabu kilichowashangaza walimu wenzake. Alisema mchezaji anayepigiwa kelele za inua mkono, kunja goti, hukakamaa tu. Lakini ukimwambia autazame mpira na atamke unapodunda na anapoupiga, mkono hujirekebisha wenyewe. John Whitmore, Mwingereza aliyekuwa dereva wa mbio za magari, akauchukua mtazamo huo akauingiza maofisini. Kitabu chake cha 1992 kilieneza maswali ya hatua nne ambayo makocha wengi wanayatumia hadi leo: unataka nini, hali ikoje sasa, njia zipo zipi, na wewe utafanya nini na lini. Miaka mitatu baadaye Thomas Leonard, aliyekuwa mshauri wa mambo ya fedha, akaanzisha ICF.

Ukiyashika maswali hayo manne umeshajua kocha anauza nini. Tuuchukue mkutano mmoja kama mfano. Mama mmoja wa Morogoro ana karakana ya kushona sare za shule, mafundi sita. Kocha wake ni kijana wa rika la mwanawe wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo, hiyo cherehani haina mtu."

"Asante. Mama, mara ya mwisho tulikubaliana sare haitoki humu bila nusu ya malipo. Imekwendaje?"

"Imekwenda vizuri. Isipokuwa ile shule moja."

"Ilichukua ngapi?"

"Mia na ishirini."

"Ikalipa shilingi ngapi?"

Mama anacheka. "Mwalimu mkuu tunasali naye."

"Nimekuelewa. Kwenye hizo mia na ishirini, kitambaa peke yake kimekula kiasi gani?"

Hapo mama anavuta daftari. Analamba kidole, anafunua, anapiga hesabu pembeni ya ukurasa. Kijana hamsaidii wala haangalii simu. Fundi wa nyuma amesimamisha mashine, maana naye anataka kusikia.

"Milioni moja na themanini elfu."

"Na rejesho la mkopo mwezi huu?"

"Laki nne."

"Sasa mama, mwalimu mkuu ukikutana naye, utamwambiaje?"

"Nitamwambia kitambaa kimeisha, nangoja hela yake ninunue kingine."

"Ni kweli kimeisha?"

"Kimeisha kweli! Si ndiyo hicho amekivaa yeye na wanafunzi wake."

Kijana anaandika tarehe. Wiki mbili zijazo atauliza tena.

Utaona kijana hakuleta habari yoyote mpya. Mama huyu anajua ubaya wa kukopesha tangu kocha hajazaliwa. Alicholetewa ni swali ambalo nyumbani kwake hakuna wa kumwuliza, nafasi ya kulijibu kwa namba badala ya maelezo, na tarehe ambayo litarudi. Kama angekuwa hajui kukata kitambaa, au hajui bei ya soko, au hana hata cherehani moja, maswali yale yote yasingemfaa kitu. Kwa maoni yangu hapo ndipo mambo yote ya ukocha yanapopimwa: unamfaa mtu ambaye tayari anajua kazi yake na ana uwezo wa kuamua, ila analolijua halifanyi, au yuko ndani yake mno kiasi cha kutoliona.

Na hilo la kutoona huwapata hata mabingwa. Atul Gawande, daktari mpasuaji wa Boston na mwandishi mashuhuri, aliandika mwaka 2011 kwamba baada ya miaka kadhaa ya kazi matokeo yake yaliacha kupanda. Akamwomba mwalimu wake wa zamani, Robert Osteen, mpasuaji mstaafu, aje asimame tu chumba cha upasuaji amtazame. Gawande alidhani siku hiyo kila kitu kimekwenda vizuri. Mzee akatoka na karatasi iliyojaa mambo madogomadogo: taa ilikuwa imehama ikaacha kumulika kidonda na hakuna aliyeigusa, na kiwiko cha daktari kilikuwa kinapanda hadi usawa wa bega, dalili kwamba amesimama vibaya. Mambo hayo hayamo kwenye semina yoyote ya kuhamasisha. Yanamtaka mtu aje, atazame, aseme.

Basi rudi kwenye karatasi yako. Nimeshauriana na watu wengi waliokuwa karibu kumlipa kocha, na mara nyingi walichoandika kilikuwa kinamhitaji mtu mwingine kabisa.

Ukiandika kwamba hujui kupanga bei, hujui kodi, hujui kuandika vitabu vya hesabu, unamtafuta mwalimu au mhasibu. Tanzania tuna SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, lililoanzishwa mwaka 1973, lenye ofisi mikoani na mafunzo ya wajasiriamali kwa gharama ndogo ukilinganisha na huyo wa Instagram. Ukiandika kwamba huna mtaji, jua kwamba kocha hana mtaji wako, na ada yake itapunguza hata huo kidogo ulio nao. Ukiandika kwamba kazi zimekuzidi mikono, ajiri mtu.

Ukiandika kwamba huna usingizi, huna hamu ya chakula, unalia bila sababu, au tangu msiba ule hujarudi sawa, weka kalamu chini. Hapo kocha mwenye akili atakukataa, na asiyekukataa ni hatari kuliko tapeli wa fedha. Unasihi na saikolojia ni taaluma. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2014 inayotaka wanasihi na wanasaikolojia wasajiliwe. Tanzania anzia hospitali ya mkoa, wao watakupeleka mbele, iwe Muhimbili au Mirembe kule Dodoma. Majina hayo yasikutishe. Anayekwambia sonona ni "fikra za umaskini" na dawa yake ni programu ya siku 21, mkimbie.

Limebaki kundi moja ambalo wengi hulichanganya na ukocha, nalo nataka nikae kidogo. Ni la mtu anayetaka kuonyeshwa njia na aliyeipita. Huyu anamhitaji mzoefu wa biashara hiyo hiyo, na kuna ushahidi mzuri kutoka karibu na nyumbani. Dandora, Nairobi, wachumi watatu, Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson, waliwachukua wanawake vijana wenye biashara ndogondogo. Baadhi wakapelekwa darasani kufundishwa biashara. Baadhi, kila mmoja akakutanishwa na mfanyabiashara mzoefu wa aina ile ile ya biashara pale pale mtaani. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Faida ya wale wa darasani haikubadilika kwa kiasi cha kutajika. Ya waliokutanishwa na mzoefu ilipanda kwa wastani wa asilimia 20 hivi, na sababu kubwa ilikuwa ya kawaida kabisa: walielekezwa mahali pa kununua mzigo kwa bei nafuu. Kocha wa vyeti angewauliza, "Unadhani mzigo nafuu unaweza kuupata wapi?" Wangebaki wanatazamana. Ila utafiti ule ulionyesha jambo la pili: kadiri wale wawili walivyoacha kukutana, nayo faida ilishuka. Kwa hiyo kama kuna mama wa duka la jirani aliyekutangulia miaka kumi, mpelekee sukari, kaa naye, na urudi tena mwezi ujao.

Haki ya upande wa pili pia isemwe. Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilifundishwa biashara kwa mtindo wa kawaida. Lingine lilifundishwa namna ya kujituma: kuanza jambo bila kusubiri kusukumwa, kutazama mbele, kupanga mapema ukikwama utafanya nini. Kundi la tatu halikupewa kitu. Baada ya madarasa, wakufunzi waliwatembelea waliosoma, biashara kwa biashara, kwa miezi minne. Utafiti huo ulitoka mwaka 2017 katika jarida la Science. Faida ya waliofundishwa kujituma ilizidi ya wale ambao hawakupewa kitu kwa asilimia 30; mafunzo ya kawaida yalileta asilimia 11 tu, kiasi ambacho kitakwimu hakikutofautiana na bahati. Kwa hiyo namna mtu anavyofikiri na kujiendesha si porojo. Lakini angalia kilichofanya kazi pale: mazoezi, ratiba, na mkufunzi anayekuja hadi kwenye meza yako ya biashara. Ukumbi wenye muziki na watu wanaoambiwa wamshike jirani mkono wamwambie "wewe ni milionea" haukuwemo.

Tuseme umepima ukaona ni kocha kweli unayemhitaji. Unamchaguaje?

Watu wengi huanza kwa kuuliza, "Yeye mwenyewe ana nini?" Wanataka kuona gari na nyumba. Swali hilo halina uzito unaodhaniwa, nalo ndilo linalowapa ulaji wapiga picha na wenye magari ya kukodi. Bruda Colm O'Connell, Mwairishi aliyefika Iten, Kenya, mwaka 1976 kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, hakuwa mwanariadha. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia. Mmoja wa aliowalea ni David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 London mwaka 2012 na kuvunja rekodi ya dunia. Upande wa pili yupo Patrick Sang, kocha wa Eliud Kipchoge, ambaye mwenyewe alileta medali ya fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji kutoka Olimpiki ya Barcelona 1992. Mmoja alikimbia, mwingine hakukimbia, wote wawili wamezalisha mabingwa wa dunia. Wanachofanana ni miaka mingi ya kusimama pembeni ya njia na saa mkononi.

Kwa hiyo uliza saa zake. ICF ina ngazi tatu za ithibati. Ya kwanza, ACC, inadai mafunzo ya saa 60 na saa 100 za kufanya ukocha wenyewe. Ya pili, PCC, saa 125 za mafunzo na 500 za kazi. Ya tatu, MCC, saa 200 na 2,500. Jina la mwenye ithibati hutafutwa kwenye tovuti ya shirikisho, kwa hiyo cheti kilichopigwa picha ukutani kisikutoshe. Dakika tano za kutafuta zinamaliza ubishi. EMCC, shirika jingine la fani hii lenye asili ya Ulaya, nalo lina utaratibu wake. Nakubali kwamba wapo makocha wazuri ambao hawana karatasi hizi, hasa wastaafu wa mabenki na viwandani waliolea vijana maisha yao yote. Kwa hao utategemea wateja wao wa zamani. Omba wawili, na mmoja kati yao awe ambaye mambo hayakumwendea vizuri. Kocha atakayeshtuka kwa ombi hilo amekujibu tayari.

Makocha wengi hutoa maongezi ya kwanza bure, nusu saa hivi. Yatumie. Muulize ni mteja gani aliwahi kumkataa na kwa nini. Muulize ni lini angekwambia uache kumlipa. Muulize kama yeye naye ana mtu anayemsimamia au anayemkosoa katika kazi yake. Halafu, na hili ni muhimu kuliko majibu yote, sikiliza ni nani anaongea zaidi. Kama katika dakika thelathini ameongea ishirini na tano, akakupa historia yake tangu alivyolala njaa chuoni mpaka alivyonunua kiwanja Kigamboni, basi amekuonyesha jinsi vikao vyenu vitakavyokuwa.

Kuna jambo la umri ambalo vitabu vya Ulaya havitakugusia. Kwetu swali lina umri. Kijana kumwuliza mama wa watu "hela imekwenda wapi" ni mtihani kwa wote wawili, na yule wa Morogoro anauweza kwa sababu huanza na shikamoo, huliweka swali kwenye kitambaa badala ya kuliweka kwenye tabia ya mama, kisha hunyamaza. Si kila kijana anaweza, na si kila mzee anakubali. Jichunguze bila haya. Kama unajua kwamba mtu wa rika la wanao akikuhoji juu ya matumizi yako utamwona hana adabu, tafuta kocha mtu mzima, au mgeni wa mji mwingine mnayeongea kwa simu, ambaye hamjuani ukoo. Kuna faida hata katika huo ugeni. Kinyume chake nacho kibaya: kocha anayekuita "bosi" kila baada ya sentensi na kucheka kila utani wako. Hapo umemlipa shabiki.

Kisha linakuja suala la siri. Miji yetu ni midogo kuliko inavyoonekana. Kocha wako anaweza kuwa anamfundisha pia mshindani wako wa mtaa wa pili, au anasali na shemeji yako, au ni mchungaji ambaye Jumapili atahitaji mfano wa mahubiri. Muulize wazi: haya ninayosema yanaishia wapi? Kanuni za maadili za ICF zinamtaka kocha atunze siri na aeleze mapema mipaka yake. Kama mwajiri wako ndiye anayelipa, mkae watatu siku ya kwanza mkubaliane bosi ataambiwa nini na hataambiwa nini, maana bila hivyo utakuwa unajieleza kwa mkubwa wako kupitia mlango wa nyuma. Na picha yako, sauti yako au ujumbe wako wa WhatsApp wa "asante kocha" visitumike kwenye matangazo bila ruhusa yako. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya 2022, kwa hiyo unayo haki ya kukataa na kuheshimiwa.

Bei sasa. Sitakutajia bei ya soko kwa sababu hakuna bei ya soko. Kuna anayetoza bei ya chakula cha mchana na kuna anayetoza kodi ya nyumba. Pima kwa biashara yako. Tuseme ni vikao sita kwa shilingi 150,000 kila kimoja, yaani laki tisa. Faida yako halisi ya mwezi, baada ya kutoa kodi ya pango, mishahara, umeme na chakula unachokula dukani, ni laki tatu. Umempa kocha miezi mitatu ya jasho lako. Je, kuna uamuzi mmoja unaoujua, ukiufanya, unaweza kurudisha laki tisa ndani ya mwaka? Yule mama wa sare anao: anadai zaidi ya milioni shule moja tu. Kama wewe huuoni wako, subiri. Na kama ni lazima ukope ili umlipe kocha, jibu langu ni hapana, bila maelezo.

Lipa kwa kikao, au kwa vikao vitatu vitatu. Anayekudai ya mwaka mzima kwa mkupuo "kabla ofa haijaisha usiku wa leo" anakujulisha kwamba hana imani utarudi kwa hiari yako. Mkubaliane kwa maandishi, hata ukurasa mmoja: vikao vingapi, vya muda gani, ana kwa ana au kwa simu, mkiahirisha inakuwaje, siri, na mmoja akitaka kuacha hela iliyobaki inarudije. Dai risiti. Anayekufundisha kuendesha biashara rasmi huku yeye hana risiti wala jina la biashara lililosajiliwa BRELA, anakufundisha kitu asichokiamini.

Sasa kuhusu mtego wa ngazi, ule wa kukupandisha ada hatua kwa hatua. Mwaka 2018 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni iliyoitwa MOBE. Mlangoni kulikuwa na mfumo wa hatua 21 wa kutengeneza pesa mtandaoni, kwa dola 49, na ndani yake ulipewa kocha wako mwenyewe. Kadiri unavyopanda hatua, kocha anakuelekeza ununue uanachama wa juu zaidi, wenye majina ya madini na vito, kwa maelfu ya dola kila ngazi. Kwa maelezo ya FTC, wateja walitozwa zaidi ya dola milioni 125 kwa jumla. Kwetu ngazi hiyo ina sura nyingine lakini vipandio ni vile vile: semina ya bure hotelini, kisha darasa la WhatsApp la elfu ishirini, kisha kundi la VIP, kisha kulelewa mwaka mzima "na watu kumi tu", kisha unaambiwa sasa na wewe ni kocha, walete wako. Dalili yake huwa moja. Kila unapoeleza umekwama, tiba yake ni kipandio kinachofuata.

Makocha wa forex na uwekezaji wana hatari ya ziada, kwa sababu hao mara nyingi hawaishii kwenye ada. Wanataka na mtaji wako wakukuzie. Aliye kocha hashiki hela ya mteja. Kushauri watu kitaalamu wawekeze wapi ni kazi ya leseni: Tanzania inatolewa na mamlaka ya masoko ya mitaji, CMSA, na Kenya na ya kwao, CMA, ambayo pia ndiyo inayowapa leseni madalali wa forex mtandaoni. Orodha za wenye leseni ziko wazi kwa mtu yeyote. Jina lisipokuwepo, maongezi yameisha.

Umeshaanza naye? Nenda na jambo moja kila kikao, lenye namba au tarehe ndani yake. "Nataka kukua" halishikiki. "Nadai shule tatu, nataka moja ilipe kabla ya mwisho wa mwezi" linashikika. Andika mwenyewe, usimwachie kocha daftari, kwa sababu siku mkiachana kumbukumbu zinabaki kwake. Na usiogope kikao kigumu. Kikao ambacho umetoka umenuna kidogo huenda ndicho kilichogusa. Vikao vitatu mfululizo ambavyo umetoka unajisikia raha lakini hakuna lililofanyika dukani, hivyo ndivyo vya kutilia shaka, na vitatu vinatosha kuamua. Wapo wateja wanaorudi mwaka wa pili na wa tatu kwa sababu wamemzoea kocha, wanapiga soga na kulipia soga. Ni hela yao, lakini rafiki wa soga hupatikana bure kijiweni.

Ukitaka kuacha, acha kwa maneno machache ya adabu: mwambie ulikotaka kufika, ulikofika, na kwamba mnasimama hapa. Huna deni la maelezo zaidi. Kama aliahidi kitu mahsusi kwa maandishi na hakukitoa, au hataki kurudisha hela ya vikao ambavyo havijafanyika, mwandikie kwanza yeye, umpe siku za kujibu, uhifadhi ujumbe wote na risiti za muamala. Asipojibu, Tanzania peleka lalamiko Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 na ambayo kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake; Kenya unayo sheria ya kumlinda mtumiaji ya mwaka 2012 na mahakama ya madai madogo. Chukua picha za skrini za tangazo lake kabla hujamwandikia, maana matangazo hufutwa usiku huo huo.